Hedhi Nimeiruka, Chunusi Zimetoka: Je, Ni Damu Iliyokosa Njia?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina umri wa miaka 24 na ninatumia vidonge vya majira vyenye homoni mbili, paketi ya vidonge 28. Kwa sababu tumbo huniuma mno wakati wa hedhi, siku hizi naviacha vile saba vya mwisho na kuanza paketi mpya moja kwa moja. Hedhi haiji, lakini nimetokwa na chunusi kidevuni, na shangazi anasema ni damu chafu iliyokosa pa kutokea. Je, niache kuruka?

JIBU: Marahaba. Hakuna damu iliyojikusanya mwilini mwako. Homoni za vidonge hivyo huufanya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi ubaki mwembamba, na damu unayoiona unapofikia vile saba visivyo na dawa hutoka kwa sababu homoni zimekatizwa ghafla. Usipozikatiza, hakuna cha kubomoka wala cha kutoka. Mapumziko ya kila mwezi yaliwekwa ili kuiga mzunguko wa asili, si kwa kuwa mwili unayahitaji kiafya. Tangu mwaka 2003 Marekani iliidhinisha paketi ya vidonge 84 vya dawa vinavyomezwa mfululizo kabla ya mapumziko.

Hata hivyo, nadhani najua shangazi alikotoa maneno yake. Wanaotumia sindano au vipandikizi, ambavyo vina homoni ya aina ya projesteroni peke yake, mara nyingi hukosa hedhi, na baadhi yao hutokwa na chunusi. Anayewatazama huona jambo moja limezaa jingine, ilhali yote mawili yametokana na dawa ileile.

Vidonge vyako ni tofauti kwa kuwa vina estrojeni pia. Chunusi hustawi pale homoni kama testosteroni, ambazo hata wanawake wanazo, zinapochochea tezi za mafuta za ngozi. Estrojeni hulifanya ini litengeneze kwa wingi protini inayoishika testosteroni katika damu, na mafuta hupungua. Kwa hiyo kuruka mapumziko hakutarajiwi kuiharibu ngozi, na wapo ambao chunusi zao huzidi hasa katika siku hizo za mapumziko.

Basi zako zimetoka wapi? Hukuniambia umevitumia vidonge hivyo kwa muda gani, nalo ndilo ningeuliza kwanza, kwa maana ngozi huweza kuchafuka zaidi mwanzoni na nafuu huchukua miezi mitatu hadi sita. Soma pia jina la homoni ya pili kwenye paketi: levonojestreli ina tabia kidogo ya testosteroni, na wachache ngozi zao haziipendi, hali drosipirenoni huizuia testosteroni. Mhudumu wa afya anaweza kukubadilishia. Kama unapaka krimu ya kung'arisha ngozi yenye steroidi, mshukiwa wangu wa kwanza ni hiyo, wala si vidonge.

Unaweza kuendelea kuruka, mradi vidonge vyote 21 vya dawa viwe na nguvu moja. Matone ya damu katika miezi ya mwanzo ni ya kawaida. Yakikukera, na umeshameza vya dawa kwa siku 21 au zaidi mfululizo, pumzika siku tatu au nne kisha uendelee, na usizidishe siku saba kamwe, kwani hapo kinga ya mimba hupotea. Ukisahau vidonge, pima mimba, kwa kuwa hedhi haitakuwepo kukuashiria.

Ukivimba mguu mmoja kwa maumivu, ukibanwa na kifua, au ukiumwa kichwa kinachotanguliwa na mimweko machoni, acha vidonge na uende hospitali siku hiyohiyo. Na maumivu hayo ya tumbo yaliyokufanya uanze kuruka hedhi nayo yachunguzwe, kwani vidonge huweza kuyatuliza bila kuondoa chanzo chake.