Jibu: Safari Walk au Animal Orphanage na watoto wadogo?
Habari dada. Kumbe umekwama kati ya Safari Walk (ile njia ya kutembea ukiangalia wanyama) na Animal Orphanage (makao ya wanyama yatima) hapa Nairobi, watoto miaka 2 na 5, na gari hamna. Gari usiwaze, zote ziko pale geti kuu la KWS (shirika la wanyamapori) Lang'ata Road na ndani mnatembea kwa miguu. Cha kwanza ni tiketi, kila sehemu ina yake, lipieni eCitizen, ile tovuti ya malipo ya serikali, mkiwa bado nyumbani. Ningekuwa mimi na huyo wa miaka 2 ningeenda Orphanage, simba wako karibu, mtoto anawaona vizuri, ile njia ya mbao ya Safari Walk ni poa sana lakini chui akiamua kujificha utaishia kumwonyesha mtoto majani. Halafu chakula kikae kwenye begi lenye zipu jamani, wangu alishika ndizi nusu, tumbili akashuka akaichomoa tu hivi, akakaa juu ya ukuta anamalizia huku mtoto analia na mimi nacheka (mama mbaya, najua). Fikeni saa tatu, ikigonga saa sita usingizi na jua vinawamaliza. Zote mbili siku moja sijajaribu, wangu huchoka na moja.