Kuhusu lile bango la nguo za watoto

Kaka, umesema "tangazo ni tangazo tu, mnunuzi ana akili zake." Sawa, ila lile bango umelitazama vizuri? Duka la pale Makoroboi (jina naliacha): mvulana kavaa jinzi, kashika bisibisi, chini pameandikwa "Injinia wa kesho". Msichana kashika kioo: "Mrembo wa mama". Basi.

Wala si sisi wa Mwanza peke yetu. Mwaka 2016 Gap, kampuni ya nguo ya Marekani, walifanya hivyohivyo Uingereza. Mvulana kavaa fulana yenye sura ya Einstein, wakamwita msomi mdogo. Msichana wakamsifia kuwa gumzo la uwanja wa michezo. Walichekwa sana, maana hata jina la Einstein walilikosea herufi! Tangu Juni 2019 kanuni za matangazo za kule zinakataza kuwachora wanaume na wanawake kwa namna inayoweza kuleta madhara. Kumwonyesha mama akipika hakukatazwi. Shida ni kudai hiyo ni kazi ya mwanamke tu.

Nenda soko la samaki la Mwaloni alfajiri uwaone akina mama wa dagaa: jezi ya Simba au Yanga juu, suruali ya mtumba chini ya kitenge. Nani aliwatangazia? Na pale soko la mitumba la Mlango Mmoja mwenye meza anakuuliza saizi tu, sweta likikuenea unalipa unaondoka. Ingawa nilipomchagulia mwanangu wa kiume la pinki, huyo mwenye meza naye alicheka kidogo.