Jibu: krizantemu ya aina mpya kuchanua ikiwa fupi hapa Bukavu

Ndugu, umeandika kwamba ulinunua vipandikizi vya krizantemu mpya, lile ua jeupe la kukatwa na kuuzwa, ukaahidiwa shina la sentimita 80, na kwako Bagira imechanua ikiwa na 25. Unalaumu mbolea. Hata mimi nililaumu mbolea. Nikamwaga samadi ya sungura mpaka majani yakawa meusi kwa kushiba, maua yakabaki mafupi vilevile.

Krizantemu huhesabu usiku. Usiku ukiwa mrefu, inaacha kurefuka, inaanza kutunga vichwa vya maua. Uholanzi, zinakotoka nyingi za aina hizi, usiku wa kiangazi ni mfupi, mmea unapata muda wa kupanda juu. Sisi karibu na ikweta tuna usiku wa saa 12 mwaka mzima, basi kipandikizi kikishika mizizi tu kinajiona mzee. Aliyeniuzia hakunitajia hilo hata kidogo.

Dawa ni taa, ya kuukata usiku mrefu katikati. Nilining'iniza balbu juu ya matuta, zikawaka kuanzia saa nne usiku hadi saa nane, wiki nne mfululizo. Majirani waliuliza kama nafuga vifaranga! Kisha nikazima kabisa. Yangu ni aina ya wiki nane, yaani kuanzia kuzima taa hadi kukata. Nilitaka maua ya 1 Agosti, watu wanapokwenda kusafisha makaburi ya wazazi, kwa hiyo nilipanda mwanzoni mwa Mei na kuzima mwanzoni mwa Juni.

Nilichokiona ni hiki: mstari uliokuwa chini ya balbu ulinifika kiunoni. Ule wa mwisho, mgomba ulipozuia mwanga, ulichanua chini ya goti. Udongo mmoja, samadi moja.

Umeme wa kukatika-katika utakuharibia. Usiku chache mfululizo bila taa zinatosha vichwa kuanza. Sasa natumia betri na paneli ya jua.

Mvua zikizidi, geuza majani utazame upande wa chini. Ukiona vipele vyeupe kama unga wa muhogo ulioganda, huo ni ugonjwa wa kutu nyeupe: ng'oa majani hayo, yachome, na usimwagie maji juu ya majani.

Hizo fupi usizing'oe. Kata, bakiza vidole vinne vya shina, na machipukizi yakianza kutokeza uwe umeshaziwasha taa za usiku.