Mdomo haukuwahi kulisema

Nilipoanza kufundisha wauzaji wapya wa dawa hapa Mombasa, wale wanaozungukia madaktari na kemisti kuzinadi, masomo yote niliyatia kwenye simu nikajiona nimemaliza. Kijana mmoja akapata alama 96 kwenye mtihani wa amlodipini, dawa ya presha. Wiki hiyo hiyo tukaingia kemisti moja Mwembe Tayari, mama mfamasia akamuuliza: "Mwanangu, hii dawa yako yawavimbisha wateja wangu miguu. Niwaambie nini?"

Kijana akanitazama mimi. Jibu alikuwa nalo: uvimbe huo hufuata dozi, mgonjwa asiache dawa kivyake, arudi kwa daktari. Juzi tu alikuwa amelitia tiki. Mdomo ndio haukuwahi kulisema.

Siku hizi mafunzo yangu ni mseto. Simu inabeba ya kukariri: dozi, madhara, nani asipewe. Ni vipande vya dakika kumi visivyomaliza bando, mtu asikilize akingoja feri ya Likoni. Usiwape video ya saa nzima. Niliwapa, wakaiacha icheze mfukoni.

Jumanne wanakuja ofisini wakiwa wamesoma. Sitoi mhadhara, najigeuza daktari mwenye foleni mlangoni, na uso siinui. Una dakika mbili. Ukinisifia artemetha-lumefantrini, dawa ya malaria, nakukatiza: mgonjwa wangu hana hamu ya kula, nampaje? Aliyekariri vidonge 24 kwa siku tatu hukwama hapo. Aliyeelewa ataniambia hata maziwa yatafaa, kwa kuwa bila mafuta mwili hauifyonzi dawa hiyo vizuri. Wenzake ndio humkosoa. Mwanzo walioneana haya (Wapwani tena!), ikabidi mimi nikosolewe kwanza.

Kisha twatoka pamoja, Kongowea au Changamwe. Ndani ya kemisti nanyamaza hata ulimi ukiniwasha, na hilo kwangu ndilo gumu kuliko yote. Jioni kila mmoja anitumia sauti kwa WhatsApp: swali gani limemshinda leo? Maswali hayo ndiyo somo la simu la wiki ijayo.

Jambo moja siiachii simu: mgonjwa aliyedhurika. Daktari akimtaja, muuzaji asijitetee. Aandike, alete taarifa siku hiyo hiyo ili ipelekwe Bodi ya Famasia na Sumu, inayosimamia dawa nchini. Hili nalisema ana kwa ana, nao wanirudishie kwa maneno yao.

Yule kijana sasa anashika Kilifi nzima. Juzi kanitumia swali lililonishinda mimi mwenyewe, ikabidi nimpigie yule mama wa Mwembe Tayari.