Maswali ya Wasomaji: Geji ya Hewa na Mafuta

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha Subaru Forester yenye tabo (turbo, feni ya kusukumia injini hewa zaidi), iliyoagizwa kutoka Japani. Mwezi uliopita nilifungiwa geji ya kupima uwiano wa hewa na petroli. Sensa yake ilichomelewa upande wa chini wa bomba la moshi, karibu na mwisho wake, kwa kuwa huko ndiko fundi alikopata nafasi. Gari likiunguruma limesimama, geji inasoma kati ya 15 na 16. Nikiachia mafuta kwenye mteremko inapita 20 na kubaki vistari tu. Nikikanyaga hadi mwisho kupanda mlima inasimama kwenye 13.8. Fundi anasema sensa ni mbovu, ninunue nyingine. Je, ninunue? – Msomaji, Arusha.

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue bado, na ninakusihi usiikanyage injini hiyo hadi mwisho tena mpaka chanzo cha 13.8 kijulikane. Vile vistari visikutishe, kwa sababu ukiachia mafuta kwenye mteremko kompyuta ya gari hukata petroli kabisa, na bombani hupita hewa tupu.

Sensa haipimi petroli. Inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, kisha geji inakokotoa uwiano: 14.7, ambayo ndiyo ya kawaida, maana yake ni kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, na namba ikipanda juu ya hapo mafuta ni pungufu. Kwa hiyo hewa yoyote inayopenyeza bombani kutoka nje huhesabiwa kana kwamba injini imenyimwa mafuta. Bomba lako liko wazi mwishoni, na injini ikiunguruma taratibu moshi hutoka kwa mapigo yenye mvuto wa kurudi nyuma, hivyo sensa iliyo karibu na mdomo wa bomba huonja hewa ya barabarani. Hiyo ndiyo sababu ninayoishuku zaidi kwa ile 15 na 16. Gasketi iliyopasuka kati ya injini na sensa hufanya vivyo hivyo. Niliwahi kuona injini iliyoongezewa petroli wiki nzima ili kuirudisha geji kwenye 14.7, hadi plagi zikatoka nyeusi kama zilizopakwa masizi ya chungu, kumbe kosa lilikuwa ufa usiozidi urefu wa ukucha kwenye bomba. Injini iwashwe ingali baridi, kisha fundi azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache huku mwingine akisikiliza chini ya gari. Mahali panapovuja patafoka.

Lakini ukikanyaga hadi mwisho, moshi husukumwa nje kwa nguvu nyingi na hewa ya nje haipati njia ya kuingia. Ndiyo maana siwezi kuipuuza 13.8 kama ninavyoipuuza 16. Injini ya petroli yenye tabo ikibeba mzigo mkubwa hutakiwa kusoma kati ya 11 na 12 hivi, na isiyo na tabo kati ya 12.5 na 13. Kwenye 13.8 joto la silinda hupanda, injini huanza kugonga (mafuta hulipuka ovyo badala ya kuungua kwa mpango), na pistoni huweza kutoboka. Pimisha presha ya petroli gari likiwa na mzigo, kisha kaguliwe chujio, pampu na nozeli.

Sensa yenyewe ihamishwe. Ikae kiasi cha sentimita 90 baada ya tabo, kabla ya katalisti (kifaa cha kusafisha moshi) ikiwa nafasi inaruhusu, na iwe upande wa juu wa bomba, kati ya namba 10 na namba 2 za uso wa saa. Ndani ya sensa mna kauri inayopashwa moto zaidi ya nyuzi 700 za Selsiasi. Asubuhi maji ya mvuke hujikusanya chini ya bomba, na tone moja likiigusa huipasua. Umeme wake utoke kwenye waya unaopata umeme funguo inapowashwa tu, wenye fyuzi yake, na waya hasi ufungwe kwenye chuma kisafi kisicho na rangi. Usiiache sensa bombani bila umeme huku injini ikifanya kazi, maana masizi yataiziba.

Jambo moja zaidi: magari mengi ya tabo ya Japani yalitengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu, yaani inayostahimili zaidi kugonga. Geji haioni oktani, na injini inaweza kugonga hata ikisoma 11.5.

SWALI: Geji yangu ni ya taa za rangi, imeunganishwa kwenye sensa ya gari yenyewe. Taa zinakimbia huku na huko bila kutulia. Je, ni mbovu? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Hapana. Sensa ya aina hiyo hujua tu kama mchanganyiko uko juu au chini ya 14.7, na volti zake huruka kati ya 0.1 na 0.9 kompyuta inaposahihisha. Ukikanyaga hadi mwisho, taa zitabaki upande wa mafuta mengi iwe ni 13 au 11, na hapo ndipo ungehitaji namba. Kwa kazi hiyo utahitaji geji yenye sensa ya masafa mapana (wideband) na kidhibiti chake.