Barua kwa mwanangu: daftari la jumuiya

Mwanangu Neema,

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili. Unasema hapo Mbezi huu ni mwaka wa pili, Instagram una wafuasi elfu tatu, misa unaifuata YouTube, lakini Jumapili jioni unalia na sababu huijui. Ukaniuliza, "Mama, kanisa litanipa nini ambacho simu haina?"

Nianze na aibu yangu. Mwezi wa tatu mama mmoja wa jumuiya yetu aliugua. Kwenye grupu zikamiminika pole na vile vikono viwili vilivyoshikana. Na mimi nikatuma vikono. Siku ya nne nikapita kwake kufuata sufuria yangu. Nikamkuta amejikunja kwenye kochi, simu kifuani, ndoo ya maji imekauka. Pole zaidi ya arobaini, hakuna aliyemchotea maji! Nikamkorogea uji, sufuria nikaisahau hukohuko.

Kwa hiyo simu siilaumu. Habari ilitufikia, miguu ndiyo iliyokuwa mizito.

Na kanisani nako mtu anaweza kuwa mpweke, nisikufiche. Parokia kubwa za mjini watu wanapeana amani kwa ncha za vidole, misa ikiisha kila mtu anawahi bodaboda. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliliona mapema. Walipokutana Nairobi mwaka 1976 walitilia mkazo jumuiya ndogondogo, nyumba chache za majirani wanaojuana kwa majina. Nilikuwa mtoto. Namkumbuka bibi yako akifukuza kuku sebuleni kupisha watu wa rozari.

Kero zipo. Michango haiishi, na umbea usiseme. Lakini jumuiya ina daftari la mahudhurio. Ukikosa Jumamosi mbili, katibu anauliza, "Neema yuko wapi?", na huyo akija kukugongea mlango usijifiche. Kati ya hao elfu tatu, nani atagonga?

Nenda ofisi ya parokia, uliza jumuiya ya mtaa wako. Kwetu tunakutana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, najua usingizi wako, lakini amka. Jitolee kusoma somo, aibu itaisha. Zamu ya kuwapokea kwako ikifika, viti vyako viwili havitatosha. Mgongee yule jirani wa mlango wa pili, ambaye uliniambia hujui hata jina lake, ukaazime kwake.

Mama yako.