Je, niwagawe wanafunzi kwa mitindo yao ya kujifunza?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha Hisabati, Kiswahili na Sayansi katika Darasa la Tano lenye wanafunzi 78. Kwenye semina tuliagizwa tuwatenge watoto katika makundi matatu, yaani wanaojifunza kwa kuona, kwa kusikia na kwa vitendo, kisha kila kundi lifundishwe kwa njia yake. Nimejaribu kwa wiki mbili, na nimechoka. Nifanyeje?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, pole kwa kazi. Uchovu wako una sababu. Fikra hiyo ilienezwa sana na Neil Fleming wa New Zealand tangu miaka ya 1990, lakini mwaka 2008 Harold Pashler na wanasaikolojia wenzake watatu walichambua tafiti zilizokuwapo na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mtoto huelewa zaidi akifundishwa kwa mtindo unaodhaniwa kuwa wake. Kwa hiyo usiwagawe. Njia ya kufundisha iamuliwe na mada yenyewe, na watoto wote waipitie.

Shairi, kwa mfano, halitoshi kusomwa kimyakimya. Darasa zima lilighani, lipige kofi kwa kila silabi, na mshororo uliopungukiwa na mizani utajidhihirisha wenyewe. Katika Sayansi, kila mtoto ajishike kifundo cha mkono, ahesabu mapigo ya moyo, akimbie uwanjani, kisha ahesabu tena.

Katika Hisabati, kwenye mada ya sehemu kama robo na theluthi ndiko ninakokuomba utulie zaidi. Wengi hushikilia kwamba robo inaizidi theluthi, kwa kuwa wamezoea kwamba 4 ni kubwa kuliko 3, na kurudia kanuni ubaoni hakuiondoi dhana hiyo. Wape kila watoto wanne kamba mbili za sentimita 60. Moja waigawe sehemu 3 zilizo sawa, nyingine sehemu 4, kisha wapime kipande kimoja cha kila kamba. Watapata 20 na 15. Papo hapo waandike 1/3 na 1/4 daftarini, nawe uwaulize kwa nini asili, yaani namba ya chini, imekua ilhali kipande kimepungua, na uwaachie nafasi ya kubishana. Kamba isigeuke kuwa mkongojo: siku inayofuata walinganishe 1/5 na 1/6 bila kushika chochote.

Tofauti za kweli baina ya watoto zipo, na hizo ndizo zinazostahili nguvu zako. Mtoto anayeinamia daftari hadi pua ikaribie kugusa karatasi asiitwe mwanafunzi wa kusikia. Huenda haoni vizuri, basi msogeze mbele, andika kwa herufi kubwa na umwombe mzazi ampeleke kupimwa macho. Mwingine yuko kimya kwa sababu nyumbani kwao hakizungumzwi Kiswahili, na mwingine bado hajashika jedwali la kuzidisha.

Kabla ya kuanza mada mpya, toa maswali mawili mafupi kwenye kipande cha karatasi, uyakusanye na uyapitie jioni. Kesho yake, wengine wakifanya zoezi, waite waliokosa wakae nawe kwa dakika 10, uanze nao pale walipokwama. Makundi hayo yabadilike kila mada, maana aliyekwama kwenye sehemu huenda ndiye atakayeongoza kughani shairi.